Drive imejaa na hujui kilichoijaza? Ikague kwa rclone ncdu, hatua kwa hatua

"Gmail yangu haipokei barua tena, inasema nafasi imeisha, lakini nikifungua Drive sioni kitu kikubwa." Swali hili naulizwa karibu kila wiki hapa Dodoma. Leo ni mwanafunzi wa UDOM anayesubiri barua ya msimamizi wake, kesho ni mpiga picha wa Area C, keshokutwa ni katibu wa kikundi cha wakulima wa zabibu kule Hombolo ambaye wanachama wote humwekea video za shamba kwenye folda moja. Jibu ni lilelile, kwa hiyo nimeliandika lote mahali pamoja.

Tatizo liko hivi. Ukurasa wa Google Drive unaweza kukupangia faili moja moja kwa ukubwa, lakini haukwambii folda nzima ina uzito gani. Picha 400 za MB 6 kila moja ni GB 2.4, na hakuna hata picha moja kati ya hizo itakayoonekana kubwa. Unachohitaji ni kifaa kinachojumlisha folda na kukuruhusu kuingia ndani yake, kutoka, na kuingia nyingine huku ukiona uzito wa kila moja. Kazi hiyo inafanywa na programu ya bure iitwayo `rclone`, kwa amri yake ndogo ya `ncdu`. Huandikwa kwenye terminali, ile skrini nyeusi, na hilo ndilo huwatisha wengi. Amri utakazoandika humu hazifiki kumi na tano, nyingi zinajirudia, na kazi kubwa utaifanya kwa mishale ya kibodi.

Nitatumia Google Drive kwa sababu ndiyo walio nayo wengi. Ukiwa na Dropbox, OneDrive au nyingine, `ncdu` hutumika vilevile, lakini maswali ya kuunganisha, ruhusa na kapu la taka hutofautiana. Rclone inazijua huduma zaidi ya 70.

Uwe na nini kabla ya kuanza

- Kompyuta yako mwenyewe, iwe ya Windows au Linux. Simu ya Android yenye Termux (programu inayoipa simu terminali) nayo inafaa, ila kioo kidogo kitakuchosha. Usifanye kazi hii kwenye kompyuta ya steshenari au ya ofisi inayotumiwa na watu wengi. Sababu nitaieleza kwenye hatua ya 2.
- Anwani ya Gmail na nywila yake, pamoja na simu inayopokea namba ya uthibitisho.
- Intaneti. Usiogope bando: wakati wa kukagua, rclone inasoma majina, ukubwa na tarehe za mafaili, haipakui faili lenyewe. Bando litaliwa hatua ya 6, ukianza kunakili.
- Diski ya nje au flashi yenye nafasi, kama kuna vitu utakavyotaka kuvihamisha badala ya kuvitupa. Flashi nyingi za dukani huja na mfumo wa FAT32, ambao haupokei faili moja linalofika GB 4. Video ndefu ya harusi itagoma hapo hata kama flashi ni ya GB 64. Iformati kwa exFAT kwanza, ikiwa tupu.
- Saa na tarehe sahihi kwenye kompyuta. Laptopu ya zamani yenye betri ndogo ya saa iliyokufa hurudi nyuma miaka kila inapozimika, na muunganisho na Google utagoma.

Hatua ya 1: Sakinisha rclone

Kwenye Windows, fungua menyu, andika `cmd`, bonyeza Enter, kisha:

```
winget install Rclone.Rclone
```

Ikimaliza, funga dirisha hilo ufungue jipya. Ukisahau kufanya hivyo, Windows itakuambia haiijui amri ya `rclone`, nawe utadhani usakinishaji umeshindikana.

Kwenye Linux:

```
sudo -v ; curl https://rclone.org/install.sh | sudo bash
```

Ubuntu wanayo pia kwa `sudo apt install rclone`, lakini mara nyingi ile huwa ya zamani na baadhi ya vitufe nitakavyotaja hutavipata. Kwenye Termux ni `pkg install rclone`.

Hakikisha imeingia:

```
rclone version
```

Ukiona namba ya toleo, endelea.

Hatua ya 2: Fungua lango la kutazama tu

Hapa ndipo naomba uniskilize kuliko mahali pengine popote.

Muunganisho kati ya rclone na akaunti yako huitwa `remote`. Mimi nauita lango. Miongozo mingi inakufundisha kufungua lango moja lenye ruhusa zote, la kusoma na la kufuta. Nilianza hivyo hivyo. Siku moja nilikuwa nakagua akaunti ya mpiga picha mmoja, nikakuta folda mbili zenye majina yanayofanana, nikafuta moja nikiamini ni nakala, kisha nikasafisha kapu la taka ili nafasi irudi haraka. Haikuwa nakala. Ndani yake mlikuwa na video ya mazishi ya mama wa mteja wake, na haikupatikana tena. Tangu siku hiyo sifungui akaunti ya mtu yeyote kwa lango lenye ruhusa ya kufuta kabla sijamaliza kuitazama.

Basi fungua lango la kwanza ambalo haliwezi kufuta chochote, hata kidole kikiteleza. Andika:

```
rclone config
```

Itakuuliza maswali kwa Kiingereza. Yajibu hivi, kwa mpangilio huu:

1. Menyu ya mwanzo: andika `n`, yaani lango jipya.
2. `name`: andika `tazama`.
3. `Storage`: itashuka orodha ndefu yenye namba. Usitafute namba, maana hubadilika kila toleo. Andika neno `drive`.
4. `client_id` na `client_secret`: bonyeza Enter bila kuandika kitu, mara mbili.
5. `scope`: hapa ndipo penye jambo. Andika `drive.readonly`. Maana yake ni kusoma tu.
6. `service_account_file`: Enter.
7. `Edit advanced config`: `n`.
8. Swali la kutumia kivinjari: `y`. Kivinjari kitafunguka, utachagua akaunti yako ya Google na kukubali. Kisipofunguka chenyewe, terminali itakuonyesha kiungo kinachoanza na `http://127.0.0.1:53682`, kinakili ukibandike kwenye kivinjari cha kompyuta hiyohiyo. Ukikituma kwa simu yako hakitafunguka, kwa kuwa 127.0.0.1 ni kompyuta kujiita yenyewe.
9. `Shared Drive`: `n`, isipokuwa unakagua Drive ya pamoja ya taasisi.
10. `Keep this remote`: `y`, kisha `q` utoke.

Kosa la kawaida hapa ni kuwa na akaunti tatu za Gmail kwenye kivinjari kimoja na kukubali ile isiyo yenyewe. Soma anwani kabla ya kubonyeza.

Sasa ile sababu ya kukataa kompyuta ya steshenari. Ruhusa uliyotoa imehifadhiwa kwenye faili liitwalo `rclone.conf`, na mwenye faili hilo ana Drive yako bila kuulizwa nywila. Amri ya `rclone config file` itakuonyesha lilipo. Kama kompyuta inaguswa na wengine nyumbani, rudi kwenye `rclone config`, chagua `s`, uliwekee nywila. Na kama umeshafanya kazi hii kwenye kompyuta isiyo yako, andika `rclone config delete tazama`, halafu ingia kwenye mipangilio ya usalama ya akaunti yako ya Google ukaiondolee rclone ruhusa.

Hatua ya 3: Jua kwanza nafasi imeliwa na nani

```
rclone about tazama:
```

Zingatia nukta mbili mwishoni mwa jina. Bila hizo rclone itadhani `tazama` ni folda iliyo kwenye kompyuta yako. Jibu litafanana na hili:

```
Total:   15 GiB
Used:    9.412 GiB
Free:    212 MiB
Trashed: 2.870 GiB
Other:   5.381 GiB
```

`Total` ni ile nafasi ya bure ya Google. `Used` ni kilichomo ndani ya Drive, na `Trashed` ni sehemu yake iliyolala kwenye kapu la taka. Watu wengi hawajui kwamba taka za Drive zinaendelea kuhesabiwa mpaka zitoke kapuni, na Google huziondoa yenyewe baada ya siku 30. `Other` ni Gmail na Google Photos, kwa kuwa zote tatu zinagawana GB 15 zilezile.

Soma mstari wa `Other` kwa makini kabla ya kwenda mbele. Ukikuta `Used` ni GB 1 na `Other` ni GB 13, mzigo wako uko kwenye picha za simu au viambatisho vya barua, na hatua zinazofuata hazitakusaidia. Nimeona watu wakifuta tasnifu zao kwenye Drive wakati kilichojaza ni video za simu zinazopanda zenyewe kwenda Google Photos.

Hatua ya 4: Ingia utembee

```
rclone ncdu tazama:
```

Mwanzoni utaona maneno ya kusubiri, kisha folda zitaanza kujipanga, na chini kabisa jumla ya uzito na idadi ya mafaili. Ikiwa bado inasoma, itaandika `[listing in progress]`. Huna haja ya kungoja imalize, unaweza kuanza kutembea, lakini usitoe hukumu yoyote mpaka maneno hayo yaondoke. Folda inayoonekana ya MB 40 sasa hivi inaweza kuwa ya GB 4 baada ya dakika mbili. Akaunti yenye makumi ya maelfu ya mafaili na intaneti ya simu huchukua muda; iache, chemsha chai.

Vitufe vya kutembelea:

- Mshale wa juu na wa chini: kuhama mstari mmoja hadi mwingine. Herufi `k` na `j` zinafanya kazi hiyohiyo.
- Mshale wa kulia, au `l`: kuingia ndani ya folda.
- Mshale wa kushoto, au `h`: kurudi nje.
- `?`: msaada, na `q`: kutoka.

Wenye Termux wazoee herufi, zinaokoa vidole.

Kawaida folda nzito hukaa juu. Anza na ya kwanza, ingia, tena ya kwanza, ingia. Mara nyingi ndani ya dakika tano utakuwa umesimama mbele ya mkosaji.

Kuna vitufe vingine vinavyobadilisha unachokiona, na vitatu ndivyo navitumia kila siku. `c` huonyesha idadi ya mafaili kwenye kila folda. Folda ya GB 3 yenye mafaili mawili na folda ya GB 3 yenye mafaili 5,000 ni kesi mbili tofauti: ya kwanza ni video, ya pili huenda ni bekapu ya simu. `m` huonyesha tarehe ya mwisho kubadilishwa, na `M` kubwa hupanga kwa tarehe hizo, jambo linalofaa ukitaka kuona vitu vya mwaka 2019 ambavyo hakuna aliyevigusa tena. Ukivuruga mpangilio, `s` hurudisha mpango wa ukubwa na `n` hupanga kwa majina. Vilevile `g` huweka au kuondoa michoro ya vistari, na `a` huonyesha wastani wa ukubwa, sijawahi kuuhitaji.

Pembeni ya jina la folda huweza kutokea alama. `e` ni folda tupu. `~` ni kwamba ndani yake kuna mafaili yasiyojulikana ukubwa, na kwenye Drive hizi karibu kila mara ni nyaraka za Google Docs na Sheets, ambazo Google haitoi ukubwa wake. `!` ni kwamba rclone imeshindwa kuisoma folda hiyo, na nukta `.` ni kwamba imeshindwa kusoma folda iliyo ndani yake. Ukiona hizi mbili za mwisho, usiamini ukubwa unaoonyeshwa. Bonyeza `r` isome upya.

Ukitaka kukagua folda moja tu badala ya Drive nzima, itaje:

```
rclone ncdu "tazama:Mahafali Chimwaga/2022"
```

Alama za kunukuu ni lazima jina likiwa na nafasi katikati. Herufi kubwa na ndogo nazo zifuate zilivyo.

Hatua ya 5: Andika unachotaka kuondoa, kwenye karatasi

Sisemi kwa mfano, nasema karatasi na kalamu. Kila folda unayoishuku, ingia ndani yake, bonyeza `Y` kubwa, rclone itakuonyesha njia kamili ya folda uliyomo. Iandike, na mbele yake andika neno moja kati ya haya: *baki*, *hamisha*, *futa*.

Kama akaunti si yako peke yako, karatasi hiyo ipelekwe kwa mwenzako kabla ya hatua inayofuata. Kwa yule katibu wa Hombolo tulifanya hivi: alikwenda na orodha kwenye mkutano wa kikundi, wanachama wakasema video zipi za kupogoa wanazitumia kufundishia wageni na zipi ni marudio. Ilichukua siku nne. Hakuna aliyepoteza kitu.

Hatua ya 6: Nakili vya kuhamisha, kisha thibitisha

Chomeka diski ya nje. Kwenye Linux:

```
rclone copy "tazama:Mahafali Chimwaga/2022" "/media/mimi/DISKI/Mahafali 2022" -P
```

Badala ya `mimi` weka jina lako la mtumiaji, na badala ya `DISKI` jina la diski yako. Kwenye Windows badilisha sehemu ya pili iwe kama `"E:\Mahafali 2022"`. Herufi `-P` inakuonyesha kazi imefika wapi na imebaki muda gani.

Hapa ndipo bando linaliwa, GB kwa GB. Wengi hungoja kifurushi cha usiku. Kama kuna wengine nyumbani wanaotumia intaneti hiyohiyo, ongeza `--bwlimit 500k` mwishoni ili kasi isipite kilobaiti 500 kwa sekunde.

Umeme ukikatika katikati, usianze kwa kufuta ulichokwisha kunakili. Rudia amri ileile kama ilivyo. Mafaili yaliyokamilika yatarukwa, na lile lililokatika njiani litaanza upya tangu mwanzo wake. Kwa hiyo video moja ya GB 6 kwenye eneo ambalo umeme haukai ni mateso. Hiyo kainakili mahali penye jenereta au laptopu yenye betri nzima.

Nyaraka za Google Docs zitashuka zikiwa za `docx`, na Sheets zikiwa za `xlsx`.

Ukimaliza, linganisha:

```
rclone check "tazama:Mahafali Chimwaga/2022" "/media/mimi/DISKI/Mahafali 2022" --one-way
```

Amri hii hupima ukubwa na alama ya ndani ya kila faili pande zote mbili. Unataka kuona `0 differences found`. Nyaraka za Google zikileta kelele hapo, zifungue moja moja kwenye diski ujiridhishe kwa macho. Picha au video ikileta kelele, nakili tena. Usiende hatua ya 7 kabla ya sifuri hiyo.

Hatua ya 7: Fungua lango la kufuta

Sasa, na si kabla ya sasa, rudia hatua ya 2 kwa jina jingine. Kwenye `name` andika `futa`, na kwenye `scope` andika `drive` tupu, yaani ruhusa zote. Kisha:

```
rclone ncdu futa:
```

Jina lenyewe linakukumbusha umesimama wapi. Shika karatasi yako. Nenda kwenye folda ya kwanza yenye neno *futa* au ile uliyokwisha kuihamisha, ingia, bonyeza `Y` ulinganishe njia na uliyoandika, rudi nje kwa mshale wa kushoto, hakikisha umesimama kwenye folda hiyohiyo, halafu bonyeza `d`. Kitatokea kisanduku chenye `cancel` na `confirm`. Ukihamia `confirm` kwa mshale na kubonyeza Enter, imekwenda. Kwa folda, kila kilichomo ndani kinakwenda nayo.

Folda kubwa ikifutwa, skrini itaganda kwa muda. Ndivyo ilivyoundwa, haipokei kitufe mpaka imalize. Usifunge dirisha, wala usiendelee kubonyezabonyeza.

Ukiwa na vitu vingi, `v` huchagua mstari mmoja mmoja na `D` kubwa hufuta vyote ulivyochagua. Kwa anayeanza sishauri. Futa kimoja kimoja.

Na usifute folda uliyoshirikishwa na wengine kwa kuwa tu ni nzito. Nafasi huhesabiwa kwa mwenye faili. Faili la mwenzako lililo ndani ya folda yako litaonekana na uzito wake kwenye ncdu, lakini halili GB zako, na kuliondoa hakutakurudishia hata MB moja.

Hatua ya 8: Safisha kapu la taka, baada ya kulala

Kwenye Drive, kile unachofuta kwa rclone kinakwenda kapuni, hakipotei papo hapo. Hiyo ni salama yako. Kaa nayo walau usiku mmoja. Kesho yake, kama hakuna aliyepiga simu kuuliza kitu, andika:

```
rclone cleanup futa:
```

Amri hii haina kurudi nyuma, inaondoa kila kilichomo kapuni, hata ulichokitupa wewe mwenyewe kwa simu wiki iliyopita. Kwa hiyo fungua kapu kwenye kivinjari ulitazame kwanza. Inaweza kuchukua dakika kadhaa kabla `rclone about` haijaonyesha nafasi mpya.

Ukishamaliza, ondoa lango la hatari na ubaki na lile la kutazama:

```
rclone config delete futa
```

Ikigoma

*"didn't find section in config file".* Jina la lango umelikosea. `rclone listremotes` itakuonyesha majina uliyonayo.

*"directory not found".* Umesahau nukta mbili, au herufi kubwa na ndogo hazilingani, au jina la folda lina nafasi mwishoni. Hiyo ya nafasi mwishoni husumbua sana. Ingia kwa ncdu uifikie kwa mishale badala ya kuiandika.

*Ujumbe wenye `x509` na maneno kuwa cheti kimeisha muda au bado hakijaanza.* Tazama saa ya kompyuta. Rekebisha tarehe, jaribu tena.

*Umebonyeza `d` ikaleta kosa la 403.* Uko kwenye lango la `tazama`, na lango limefanya kazi yake.

*`invalid_grant`, au ilikuwa inafanya kazi wiki iliyopita na leo imekataa.* Ruhusa imeisha au imeondolewa. Andika `rclone config reconnect tazama:` ukubali upya kwenye kivinjari.

*Inasoma polepole mno, au inalalamika kuhusu idadi ya maombi.* Ulipoacha `client_id` tupu, ulikubali kutumia kitambulisho ambacho watumiaji wa rclone wengi duniani wanakitumia pamoja, na Google huweka kikomo. Jaribu usiku, au ongeza `--fast-list`, ambayo hula kumbukumbu zaidi ya kompyuta lakini hupunguza maombi. Mwenye kazi za kila siku ajitengenezee kitambulisho chake kwenye Google Cloud Console. Ukifanya hivyo usikiache kwenye hali ya majaribio, maana ruhusa zake hufa kila baada ya siku saba.

*Jumla ya ncdu hailingani na `Used`.* Kama ncdu inaonyesha zaidi, kuna mafaili ya watu wengine au njia za mkato, ambazo rclone huzihesabu kana kwamba ni faili lenyewe; ongeza `--drive-skip-shortcuts` uone tofauti. Kama inaonyesha pungufu, kumbuka kapu la taka halionekani ndani ya ncdu.

*Folda ulizoshirikishwa hazionekani kabisa.* Ni kawaida. Kuziona, ongeza `--drive-shared-with-me`.

*Skrini imechanganyika herufi.* Bonyeza Ctrl na `L` kwa pamoja, au panua dirisha.

*Unatumia seva isiyo na kivinjari.* Kwenye swali la kivinjari jibu `n`. rclone itakupa mstari wa amri unaoanza na `rclone authorize`. Unakili kama ulivyo, uuendeshe kwenye kompyuta yenye kivinjari na rclone, kisha jibu refu litakalotoka ulirudishe kwenye seva. Likatwe hata herufi moja, halitakubali.